Naomba ushauri: siku ya kuzaliwa ya binti yangu, Malindi, mfukoni nina elfu mbili

DerevaWaMaweni
Assalam aleykum, wakubwa kwa wadogo. Binti yangu anatimiza miaka saba Jumamosi hii, tarehe 22 Novemba. Tangu azaliwe hajafanyiwa lolote siku yake. Nataka nimtoe asubuhi, sisi wawili tu, turudi adhuhuri. Nina shilingi 2,000 za matumizi. Naendesha tuktuk ya mtu, na hesabu ya tajiri ya siku hiyo nimeshaiweka kando, kwa hiyo usafiri si shida. Nilifikiria boti la kioo kule kwenye mbuga ya baharini ila naogopa bei. Hoteli zenye bwawa siziwezi. Mwenye kujua pa kumpeleka mtoto kwa pesa hizo anisaidie. Usingizi wenyewe siku hizi siupati.

NahodhaWaMida
Kijana, usiumize kichwa. Jumamosi mwezi utakuwa umeandama siku mbili tatu tu, maji ni bamvua. Yatakupwa saa nne kwenda saa tano asubuhi, na yatakupwa kweli, mpaka miamba iliyolala chini siku zote ionekane. Mpeleke upande wa Casuarina, mbaki nje ya mbuga, hapo hamlipi kitu. Kwenye vidimbwi vya mwambani ataona kaa, visamaki vya rangi na viti vya pweza, wale wadudu wa baharini wenye umbo la nyota. Mtoto wa miaka saba ukimwonyesha kiti cha pweza kinavyotembea polepole, hakumbuki boti wala bwawa. Viatu asivue, mwamba una miiba. Na maji yakianza kurudi mtoke, msingoje yawafikie magotini, kwa sababu saa kumi jioni yatakuwa yamejaa pomoni.
Boti hukodishwa zima, si kwa kichwa. Ukilitaka, ungana na familia nyingine mgawane.

MwalimuMstaafu
Bahari mtoto wa Malindi anaiona kila siku. Mpeleke Gede. Ni kama kilomita 15 tu, na kiingilio cha raia ni tofauti na cha mgeni. Mji mzima wa mawe ndani ya msitu, uliohamwa mwanzoni mwa karne ya 17, na mwaka 2024 UNESCO wameutia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Atapita kwenye milango ya watu waliolala hapo miaka 600 iliyopita, aone visima vyao, aone walipotilia udhu. Kuna kaburi limeandikwa tarehe, 802 Hijria, ambayo ni 1399 Miladia. Mwache aguse ukuta wa karibu kwa kiganja, amuulize baba yake maswali. Na humo humo kuna nyumba ya vipepeo ya mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993 ili watu wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wapate riziki kwa kufuga vipepeo badala ya kukata miti.
Mkipita kwenye nguzo ya Vasco da Gama msimweleze Vasco peke yake. Mwambie na habari ya twiga aliyetoka Malindi akafikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415. Wanafunzi wangu wa darasa la pili walikuwa hawachoki kuuliza huyo twiga alikula nini melini.

BintiShella
Gede pazuri, lakini chakula kifungeni! Mwaka juzi nilimpeleka mpwa wangu na mfuko wa mahamri ya moto. Nikauweka juu ya ukuta nimfunge kamba za viatu. Kima akashuka, akauchukua mfuko mzima, akapanda nao juu ya mti akawa anakula anatutazama. Mtoto alilia, halafu akacheka mpaka akashika mbavu. Mpaka leo ukimuuliza Gede kuna nini, hakutajii msikiti wala kaburi.

IbnuHassan
Ndugu yangu, nakunasihi kwa mapenzi. Sherehe za kuzaliwa hatukuzirithi kwa wazee wetu. Leo utaanza na matembezi, mwakani keki, mwaka wa tatu muziki. Kama unataka kumshukuru Mungu kwa uhai wa mtoto, toa sadaka.

BintiShella
Hajasema anapiga muziki. Kasema anamtoa mwanawe. Baba kumpeleka mtoto pwani nako kuna ubaya?

MamaTwalib
Mwanangu, mimi nimesoma maneno yako mara mbili. Mtu hakosi usingizi kwa matembezi ya asubuhi. Na mbona ni wawili tu? Mamake yuko wapi? Mbona mrudi adhuhuri na siku nzima ni ya mtoto? Kuna jambo hujalisema. Liseme ndipo tukushauri.

DerevaWaMaweni
Mama, shikamoo. Mamake hayupo, alitangulia mbele ya haki. Mtoto analelewa na bibi yake mzaa mama, Barani. Lakini hilo si swali langu, mimi naulizia mahali tu. Keki ndogo nimeshaiagiza, nimetoa mia tano ya kutangulizia, na kuirudisha siwezi.

MamaTwalib
Marahaba. Mungu amrehemu. Na huyo bibi amesemaje kuhusu Jumamosi?

DerevaWaMaweni
Hajui.
Basi niseme yote. Mke wangu alifariki siku ile ile aliyojifungua. Alimwona mtoto, akamshika kidogo, kufika usiku hakuwa nasi. Kwa hiyo tarehe 22 Novemba kwa mkwe wangu ni hitima, kisomo cha kumrehemu marehemu. Kila mwaka. Wanawake wanaanza kuingia baada ya laasiri, mikeka inatandikwa uani, juzuu zinagawiwa, harufu ya ubani imejaa nyumba. Binti yangu tangu alfajiri yuko na bibi yake wanakanda mahamri, halafu yeye ndiye anayepitisha sinia. Simlaumu mkwe wangu. Alizika mtoto wa pekee, na wiki hiyo hiyo akaanza kulea mwingine.
Mwezi wa tisa mtoto alikwenda kwenye sherehe ya mwenzake wa shule. Alirudi na puto, akalifunga kwenye komeo la dirisha. Likasinyaa likawa kama ganda la embe, na hataki litolewe. Akaniuliza: "Baba, Novemba ni siku ya mama. Yangu ni mwezi gani?" Sikuwa na jibu.
Kwa hiyo nimemwambia mkwe kwamba Jumamosi asubuhi nampeleka mtoto hospitali kuangaliwa jino. Saa nane tutakuwa tumerudi, hitima haitaharibika, hakuna atakayeumia. Gauni dadangu anamalizia kushona. Mpango umeshakaa, kilichobaki ni mahali.

NahodhaWaMida
Pole sana, kijana wangu. Inna lillahi.
Mahali si tatizo lako tena.

BintiShella
Jino?! Kaka, mtoto wa miaka saba atarudi na chumvi kwenye nywele na krimu ya keki mdomoni, na bibi atamuuliza "daktari kasemaje?" Unamfundisha mtoto kumdanganya bibi yake siku ya hitima ya mama yake. Hapo umekosea, nakwambia ukweli.

DerevaWaMaweni
Si kwamba napenda kudanganya. Nikimwambia atalia, na akilia yeye mtoto naye atalia, basi siku imekwisha. Nyinyi hamjamwona akiwa ameshika ile khanga ya marehemu. Bora asijue.

IbnuHassan
Hata mimi niliyekataza keki nasema: uongo ni mzito kuliko keki.

MwalimuMstaafu
Mimi babangu alifariki siku ya mtihani wangu wa mwisho. Nyumbani walinificha mpaka jioni, wakidhani wananisaidia. Nilifaulu ule mtihani, lakini mamangu nilikaa miaka sijamwelewa. Walionificha wote walinipenda. Lifikirie hilo.

KaskaziMkavu
Samahani wana uzi, mimi naona tunachezewa. Hadithi hii imetungwa.
Kwanza alisema "sisi wawili tu", kumbe kuna dada mtu anashona gauni. Lakini hilo dogo. Kubwa ni hili: bibi wa Barani wa umri huo, anayesomesha hitima, anahesabu kwa mwezi wa Kiislamu. Mimi nimelelewa na bibi kama huyo. Ukimtajia Novemba anakuuliza ndiyo mfungo wa ngapi. Mwaka wa Kiislamu unapungukiwa na ule mwingine kwa siku kama 11. Miaka saba ni zaidi ya miezi miwili na nusu. Hitima na siku ya kuzaliwa zingelingana mwaka wa kwanza? Hata huo wa kwanza zisingelingana! Mwalimu hapo juu katupa tarehe mbili za kaburi moja, na huyu bwana hakushtuka. Aseme ukweli: hii ni hadithi ya kutafuta huruma, na kesho tutapewa namba ya kuchangia.

BintiShella
Hee. Hapo pa hesabu hata mimi nimesimama.

NahodhaWaMida
Hesabu yake ni sawa. Sisi wa baharini tunaishi kwa mwezi huo. Lakini mtu haitwi mwongo kwa hesabu kabla hajajibu.

DerevaWaMaweni
Namba ya kuchangia hamtaiona. Sikuomba senti ya mtu na sitaomba.
Nimekaa nje kwenye tuktuk tangu nisome hayo maneno. Nilikasirika, nikaanza kuandika matusi, nikafuta. Kisha nikaanza kukumbuka.
Mke wangu alifariki Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi. Maulidi ya mtaani yalikuwa yamesomwa siku mbili kabla, mikeka ya msikitini ilikuwa haijarudishwa, ndiyo hiyo tuliyoitumia matangani. Hitima ya mwaka wa kwanza mkwe alisomesha Mfungo Sita, mtoto alikuwa hajatimiza mwaka.
Mwaka uliofuata akawa mgonjwa wa macho. Akaniletea kalenda ya ukutani, ile ya kupewa dukani, akaniambia "baba, nitilie alama siku ya mwanangu." Nami nikatazama kadi ya kliniki ya mtoto, imeandikwa tarehe 22, nikaizungushia kalamu nyekundu. Kila mwaka ananiletea kalenda mpya, kila mwaka nazungushia pale pale. Macho yake hayaoni namba, anaona ule wekundu.
Kwa hiyo bibi hakumnyima mtoto siku yake. Niliyemnyima ni mimi.

KaskaziMkavu
Ndugu yangu, nisamehe. Nimekosa adabu mbele ya msiba wako. Wallahi nisamehe.

DerevaWaMaweni
Nimekusamehe. Usingesema nisingeliona.

MamaTwalib
Sasa nisikilize, mwanangu. Usiende kwake na mpango. Nenda na kalenda. Mwambie kama ulivyotuambia sisi, habari ya alama nyekundu. La jino mwambie pia, litoke. Usimwombe aiondoe hitima ya mwaka huu, watu ameshawaalika na unga ameshanunua. Mwombe asubuhi tu. Na usiende usiku, nenda baada ya alfajiri akiwa ameshakunywa chai. Sisi wazee usiku kila jambo hutuwia zito.

IbnuHassan
Ongeza na hili: siku yenyewe ya kumrehemu si sharti iwe moja. Dua ya mtoto kwa mzazi wake inafika kila siku. Hata huko ufukweni akiinua mikono miwili akamwombea mamake, inafika.

BintiShella
Na hiyo keki? Kama mkwe wako keki haipendi, sema naye kuhusu mkate wa sinia. Mimi napika, niko Shella, ntakupa wa bure.

DerevaWaMaweni
Narudi, leo Ijumaa. Nilikwenda Barani alfajiri. Nimeitoa kalenda ukutani nikamwekea mapajani, nikamweleza. Hakulia. Alinyamaza muda mrefu, akawa anapitisha kidole pale penye wino kana kwamba anausikia. Kisha akasema, "Mfungo Sita umepita na sikumsomea." Hapo ndipo mimi nililia.
La jino nimemwambia. Akasema alijua, jino la mtoto analitazama yeye kila siku akimsugua mswaki.
Hitima ipo kesho baada ya laasiri kama ilivyopangwa. Mwakani itarudi Mfungo Sita, na amenitaka nimwandikie siku hiyo kwa kalamu ya kijani, kubwa. Asubuhi ya kesho kaniachia. Mahamri atakanda na jirani. Nilipotoka aliniita tena, akaenda kwenye sanduku akaleta mtandio mdogo wa mke wangu wa utotoni, wa manjano, akasema mtoto ajitande, jua la pwani kali.
Gede tutakwenda siku nyingine, Mwalimu, nakuahidi, kwa sababu saa nane lazima tuwe nyumbani. Tunakwenda mwambani. BintiShella, ahsante, mkate huo uletee kwenye hitima na wewe uje.

NahodhaWaMida
Basi mfike saa tatu na nusu, msingoje saa nne. Vidimbwi vya mbele ndivyo vyenye viti vya pweza. Akikishika, kiwe chini ya maji, halafu akirudishe pale pale alipokitoa. Na huo mtandio ufunge vizuri, kuna upepo.