Mrejesho: Mafaili ya sauti kwenye flashi sasa yanacheza kwa mpangilio

Wakuu, habari zenu. Niliuliza kwa nini masomo ya sauti niliyopakua kwenye kompyuta ya nyumbani yakihamishiwa kwenye flashi yanacheza ovyo redioni, la 10 linatangulia la 2, na mengine hayasomeki kabisa. Limekwisha, nawashukuru sana mlionijibu.

Kwanza majina. Vifaa vingi hupanga kwa herufi, si kwa thamani ya namba, kwa hiyo 10 inakaa kabla ya 2. Nimeyapa majina upya: 001, 002, 003 na kuendelea. Kwenye kompyuta yakakaa sawa, redioni bado. Kumbe redio nyingi rahisi hazitazami jina hata kidogo. Zinafuata mpangilio ambao mafaili yaliandikwa kwenye flashi. Aliyenidokezea hilo Mungu ambariki. Nikaifuta flashi, nikaiumbiza (format) kwa FAT32, mfumo wa kuhifadhi mafaili ambao redio nyingi huusoma, nikanakili moja baada ya jingine kuanzia 001. Yakatii.

Yaliyogoma kusomeka yalikuwa ya aina ya M4A, muundo wa sauti ambao redio yangu haiujui. Nimeyageuza kuwa MP3 kwa VLC, programu ya bure ya kuchezea sauti na video. Ubora hupungua kidogo kila unapogeuza hivi, ila kwa sauti ya mtu anayeongea mimi sioni tofauti. Mafaili asilia nimeyaacha kwenye folda yake, na nakala nyingine iko kwenye diski ya nje. Flashi ni ya kubebea tu, msiitegemee kama ghala.

Anayejua programu ya kubadili majina mengi kwa mkupuo, naomba anielekeze. Bado nina folda mbili.