Kibarua wa siku akiumwa siku moja, ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi) ya nini?

Binti Temeke: Wakuu naomba mawazo yenu. Mdogo wangu anafanya supamaketi siku tatu kwa wiki, malipo kwa siku. Juzi kaamka anaharisha na kutapika, kampigia supavaiza, kaambiwa lete ED la sivyo zamu zako anapewa mwingine. Na siku hiyo halipwi! Yaani atoe hela ya kumuona daktari, vipimo, boda kwenda na kurudi, kuthibitisha kitu kisichomwingizia hata mia. Hii ni haki kweli?

Mzee wa Supu: Mimi nina mgahawa, vijana sita. Bila karatasi, Jumatatu unabaki wewe na sufuria. Na hizo ED zenyewe huko hospitali wanauza tu, elfu tano unapata siku tatu.

Tabibu OPD: Nani anauza?? Mwaka wa tisa huu nipo OPD, kwa wagonjwa wa nje, sijawahi kupokea hata soda ya mtu. Nyie mabosi ndio mnatujazia foleni, mtu ana mafua ya siku mbili kakaa tangu saa kumi na mbili asubuhi anasubiri karatasi, nyuma yake mama kabeba mtoto ana homa kali.

Mzee wa Supu: Sijakutaja dada, mbona umejishuku?

Tabibu OPD: Sijajishuku, umetutukana wote kwa mpigo.

Kalamu Nyekundu: Sheria si inasema siku 14 za kuumwa?

Mwana wa Mbagala: Hiyo ya Kenya, saba mshahara kamili saba nusu. Huku Tanzania Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za kwanza unalipwa kamili zilizobaki nusu, ila uwe umetimiza miezi sita kazini. Na cheti cha daktari kimewekwa ili bosi akulipe. Kama hakulipi, hicho cheti anakidai cha nini? Halafu mtu anaharisha unamtisha na zamu, atakuja tu kushika vyakula vya watu, kipindupindu tunakijua wenyewe.

Mzee wa Supu: Elfu tano niliona kwa macho yangu, kijana wangu mwenyewe alikiri.

Tabibu OPD: Basi nenda karipoti huyo mmoja, usitupake matope wote! Na huyo kijana alikuwa na shida gani mpaka anunue karatasi, ulimuuliza?

Mzee wa Supu: Alikuwa na msiba Mbeya.

Tabibu OPD: Na ungempa ruhusa?

Binti Temeke: Jamani turudi kwenye mada. Mdogo wangu leo kaenda hivyo hivyo, tumbo bado linamkata, wamemweka upande wa mikate.

Mzee wa Supu: Mikate hapana, hapo wamekosea, wamrudishe nyumbani. Ila alipokiri, kwa ule msiba nilimpa ruhusa, tena na nauli, tabibu asinisingizie.