Nimepata sayari, Jumamosi naitwa redioni. Nifanyeje?

Fundi_Simu: Wakuu, salaam. Data za TESS, ile setilaiti ya NASA ya Marekani iliyorushwa 2018 kutafuta sayari za nyota nyingine, ziko wazi kwa kila mtu. Huwa nazipekua kwa bando la usiku. Kuna nyota kibete nyekundu, yaani ndogo na hafifu, mwanga wake unashuka kila baada ya siku 1.4, haikosei, kwa hiyo ni sayari inayopita mbele yake. Naogopa mtu asije akaniwahi. Nitangazeje?

Chapa_Ilale: Hongera mkuu. Mimi nilipata mkanda wa dhahabu Chunya, nikamnong'oneza shemeji. Kesho yake kijiji kizima kimo shimoni kwangu. Kaa kimya.

Mama_Pendo: Mwanangu, ukikesha na nyota, utalala saa ngapi? Umeoa?

Ticha_Fizikia: Kijana, unashuka kwa asilimia ngapi? Hapo ndipo penye kazi. Dunia ikipita mbele ya Jua inaziba asilimia 0.008 tu, haionekani kwa darubini ya kawaida. Ila TRAPPIST-1 ni nyota ndogo mno, kipenyo chake kama asilimia 12 ya Jua, kwa hiyo sayari yenye ukubwa wa Dunia inaziba karibu asilimia 0.6. Ndiyo maana darubini yenye kioo cha sentimita 60 tu kule La Silla, Chile, iliziona sayari zake. Ya ndani kabisa inazunguka kwa siku 1.5, hungoji mwaka mzima ipite tena. Haya, yako?

Fundi_Simu: Kama 6 hivi.

Ticha_Fizikia: Kila mara 6?

Fundi_Simu: Moja 6, inayofuata 4, halafu 6 tena. Lakini hizi nyota zina madoa meusi usoni, nimesoma. Yatakuwa madoa.

Ticha_Fizikia: Hilo ndilo ungeanza nalo! Madoa hayapeani zamu kama walinzi. Sayari ni ileile, ikipita inaziba kilekile. 6 na 4 kwa kupokezana ni nyota mbili zinazozibana, kila moja inaziba mwenzake mara moja kwa mzunguko, kwa hiyo mzunguko wenyewe ni siku 2.8. Tena pikseli ya TESS, yaani nukta moja ya picha yake, ni pana, inaweza kumeza mwanga wa jirani, usijue hata nani anazibwa.

Fundi_Simu: Nimekuelewa ticha, ila nimeshaipa jina la mchumba wangu. Wakwe wametangaziana ukoo mzima. Mtangazaji naye hajaniuliza habari ya 6 na 4.

Mama_Pendo: Kumbe! Binti hakuomba sayari, baba. Mahari umemaliza?

Chai_Rangi: Hii chai, tena haina tangawizi. Fundi simu gani anashusha data za NASA kwa bando la usiku? Weka namba ya nyota.

Fundi_Simu: Faili la nyota moja ni dogo kuliko video unazotumiwa kwenye magrupu. Namba siweki, mtaniibia.

Chai_Rangi: Kuiba nini, nyota mbili?

Chapa_Ilale: Jamani Chunya ilikuwa kweli, shemeji yupo hai.

Ticha_Fizikia: Nitumie PM.

Ticha_Fizikia: Nimeiona. Nyota ipo, na ni siku 2.8. Redioni nenda, sema umekuta nyota mbili. Nayo ni kazi.

Fundi_Simu: Sasa jina nimpe ipi kati ya hizo mbili?

Chai_Rangi: Ticha na mleta uzi ni mtu mmoja. Angalieni wanavyoandika.