Mavazi ya mashindano yako ya kwanza ya dansi ya bolurumu Uingereza: viatu, nywele na vipodozi kwa ngozi nyeusi

Zuhura_wa_Midlands:
Habari wakuu. Mimi na mwenzangu tunaingia mashindano ya dansi ya wanaoanza hapa Uingereza mwezi ujao: waltz na quickstep za bolurumu, kisha cha-cha na jive za Kilatini siku hiyohiyo. Katikati tuna nusu saa hivi ya kubadilisha. Viatu vya satini vya "rangi ya ngozi" madukani ni ngozi ya Mzungu tu. Nywele zangu ni za asili, hazijatiwa dawa. Mwenzangu naye anauliza kama suti yake ya harusi inafaa. Naomba msaada, hasa kwa yale yanayoharibika mtu akishafika ukumbini.

FundiKoti:
Suti ya harusi aiache kabatini. Koti la kawaida hukatwa mikono ikiwa chini. Akiinua viwiko kukushika, mabega yanapanda hadi masikioni na shingo inapotea. Koti la mikia la wachezaji hupimwa mikono ikiwa juu, na bei yake si mchezo. Kwa wanaoanza linatosha shati jeupe, tai, kizibao cheusi na suruali nyeusi, lakini someni kwanza masharti ya daraja lenu.

Suruali ishikwe na suspenda, si mkanda. Chuma cha kufungia mkanda kinakuchoma tumboni mkikaribiana, na suruali ya mkanda hushuka taratibu hadi shati linachungulia chini ya kizibao. Pindo kwa nyuma lifike juu ya kisigino cha kiatu, maana akikunja goti linapanda. Soksi nyeusi, ndefu. Kwa Kilatini, shati la wachezaji hushonwa na chupi yake chini ili lisichomoke. Kama hana, ashone mpira mpana ndani ya kiuno cha suruali, ule wa kushika kitambaa.

Namba ya mgongoni: pini nne, moja kila kona, na mbandike akiwa amesimama mikono juu kama anayecheza. Ukiibandika mikono ikiwa chini, shati likivutika karatasi inachanika kwenye pini. Saa na pete avue, zinakwaruza na kubana vidole.

Salha_K:
Dada Zuhura, satini inapakwa rangi. Nunua pea ya rangi nyepesi na rangi ya satini inayokaribia ngozi yako, funika soli na utepe wa karatasi, paka kwa sifongo, tabaka mbili nyembamba, ya kwanza ikauke kabisa. Anza na rangi iliyo nyepesi kidogo: kuongeza giza ni rahisi, kulipunguza haiwezekani. Linganisha na mguu wako mchana, nje, si chini ya taa ya bafuni. Kiatu cha rangi ya mguu hufanya mguu uonekane mrefu. Kanuni hiyohiyo ni ya soksi za wavu na kile kitambaa chepesi cha kifuani kwenye gauni, ila hicho linganisha na kifua, maana mikono yetu mara nyingi ni myeusi zaidi.

Soli ni ya ngozi yenye manyoya mafupi. Iswaki kwa brashi ya waya kabla ya kuingia, hasa kama sakafu inateleza, na usiikanyagie nje hata kwenda chooni. Ikilowa manyoya yanalala na kushikamana. Mwenzako akivaa viatu vyeusi vya kung'aa, apake mafuta ya nyonyo kidogo sana pande za ndani, pale miguu inapopishana. Bila hivyo ngozi hiyo inanatana na kiatu kinamkwamisha katikati ya quickstep. Afute yaliyozidi, tone moja sakafuni linaangusha watu.

Mafuta ya mwilini sasa. Tumezoea kujipaka asubuhi, lakini mkono wake wa kulia unakaa kwenye bega lako la nyuma upande wa kushoto, na mkono wako wa kushoto unalala juu ya mkono wake. Ukiwa na losheni hapo, anateleza, na shati jeupe linapata doa. Jipake usiku. Asubuhi miguu tu, kidogo. Ile rangi ya kujipaka Wazungu wanayotumia kabla ya Kilatini haikuhusu.

Poda: achana na ile nyeupe inayodaiwa kufaa rangi zote. Ikipigwa na mwanga wa kamera uso unatoka majivu. Tumia ya rangi yako, nyusi zikolee, mdomo mwekundu wa kukoza au zambarau. Mdomo wa rangi ya ngozi hauonekani kutoka pale majaji wanaposimama ukingoni mwa sakafu.

Zuhura_wa_Midlands:
Asanteni sana. Nisuke rasta au nibane? Na vito nibandike kwa supa gluu?

Salha_K:
Rasta ndefu zikikunjwa kuwa kifundo zinakuwa nzito na kuvuta kichwa nyuma, na kwenye waltz tayari kichwa kimeinamia kushoto na nyuma. Suka twende kilioni nyembamba hadi kisogoni, ncha zikutane vidole viwili juu ya shingo, uweke kifundo cha nywele bandia na wavu juu yake. Vibanio vipishane kama X, kimoja pekee huchomoka. Paka jeli pembeni, funga kitambaa dakika 20. Halafu cheza jive nyumbani, geuza kichwa kwa nguvu mara kumi. Kinachotikisika, kifungwe upya. Mtindo huohuo utafaa raundi zote, kwa hiyo ile nusu saa ni ya gauni, viatu na hereni tu. Hereni ziwe za kubana sikio, na tone la gundi ya kope nyuma yake.

FundiKoti:
Supa gluu hapana! Inakauka kama kioo, kitambaa kikivutika inapasuka, tena inaacha ukungu mweupe kwenye kito. Tumia gundi ya vito inayobaki laini. Weka kadibodi ndani ya gauni ili mbele isinate na nyuma, vuta kitambaa kiasi kitakavyovutika mwilini, ndipo ubandike, na usikiguse saa 24. Vito huuzwa kwa pakiti za 144. Kwa gauni la kwanza saizi ya milimita 4 hadi 5 inatosha, ukivirundika kifuani na mabegani badala ya kuvitawanya kote.