Mrejesho: Mchango wa tableti ya kuchorea katuni

Jambo kwenu. Niliwauliza namna ya kupata dola 250 za tableti ya kuchorea, nikiwa huku Lubumbashi bila tajiri wa kumpigia magoti.

Kickstarter, ile tovuti ya kuchangisha pesa za miradi, niliiacha mapema. Kongo haimo kwenye nchi ambako mtu anaweza kufungua kampeni, na kule usipofikia lengo huambulii hata senti. Nikamsikia aliyeniambia niwaombe wanaonisoma tayari: namba ya M-Pesa na ya Airtel Money chini ya kila katuni.

Wiki ya kwanza, dola 6! Kumbe laini imeandikishwa kwa jina la dada yangu. Mtu anafika hatua ya mwisho, anaona jina la mwanamke asiyemjua, anaghairi. Nilipolitaja jina hilo wazi, simu ikaanza kulia. Mama anayeuza mikate soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi) alituma franka 1,000, kisha ujumbe wa sauti akiuliza kama zimefika.

Jumla: dola 214, watu 43. Wengine walituma franka, wengine dola. Kubadilisha na kutoa kukamega kidogo. Pengo nililiziba kwa kuchora bango la saluni. Tableti ni ya mkono wa pili, kona imepasuka, lakini kalamu inaandika.

Kosa langu (mlinionya) ni kumwahidi kila mchangiaji picha yake ya katuni. Zimebaki 29, na umeme wenyewe mnaujua. Mama wa mikate kanirudishia yake: anataka nimpunguze mashavu.