Blogu ya kwanza: WordPress, Blogger, Ghost au Hugo?

mzinga07
Wakuu, habari zenu. Nina madaftari matatu ya ufugaji nyuki niliyoyaandika kwa miaka sita, pamoja na picha nyingi za mizinga na masega. Nataka yawe mtandaoni yawafae wengine. Kompyuta naitumia kuandika na kupiga hesabu tu, msimbo sijawahi kuugusa. Nimesoma kuhusu programu hizo nne mpaka nimechanganyikiwa. Sitafuti wa kunitengenezea. Nataka nijifunze, nielewe ninachofanya. Nianzie wapi?

KalamuYangu
Anza na Blogger, mkuu. Ipo tangu 1999, Google waliinunua 2003, na unachohitaji ni akaunti ya Google tu. Leo jioni makala yako ya kwanza inaweza kuwa inasomwa. Nimeandika humo miaka minne, na humo ndimo nilimopata mazoea ya kuandika kila wiki. Huna seva (kompyuta inayohifadhi tovuti mtandaoni) ya kutunza wala sasisho la kufuatilia. Ugumu unaanza ukitaka kubadili muonekano kupita rangi na aina ya herufi: hapo utakutana na faili moja refu la themu, yaani muundo wa sura ya blogu, ambamo HTML na XML, lugha za msimbo, zimechanganyika.

FundiKurasa
Kalamu yuko sahihi kuhusu mazoea ya kuandika. Lakini Mzinga amesema anataka kuelewa, na Blogger inakufichia karibu kila kitu. WordPress inakuonyesha tovuti imeundwa na nini: hifadhidata (ghala la makala na mipangilio), faili, themu, plagini (vipande vya programu vya kuongeza uwezo), watumiaji na ruhusa zao. Ukivielewa hivyo, hata programu nyingine za aina hii, kama Joomla au Drupal, utajua pa kushika.

Kwanza tofautisha vitu viwili, maana wengi hupotelea hapa. WordPress.com ni huduma, unafungua akaunti na seva wanatunza wao. WordPress ya WordPress.org ni programu yenyewe, ya bure na ya chanzo huria (msimbo wake uko wazi kwa wote) tangu 2003, unaipakua na kuisakinisha unapotaka. Mtu anafuata mafunzo ya hiyo ya pili huku yuko kwenye ya kwanza, anatafuta menyu aliyoonyeshwa haioni, anadhani amekosea yeye. Angalia pia tarehe ya mafunzo. Toleo 5.0 la Desemba 2018 lilileta mhariri wa bloku, ambamo kila aya au picha ni kipande chake, kwa hiyo maelezo ya kabla ya hapo yana skrini tofauti kabisa na utakayoiona.

Na usinunue chochote kwa sasa. Sakinisha XAMPP kwenye kompyuta yako, inakupa Apache (programu ya seva), PHP (lugha ya msimbo inayotumiwa na WordPress) na MariaDB (hifadhidata) kwa pamoja, kisha weka WordPress juu yake. Hakuna atakayeiona ila wewe, basi haribu, futa, anza upya. Mimi nilielewa plagini ni nini siku moja ilipoufanya ukurasa wote uwe mweupe. Niliingia folda ya wp-content, halafu plugins, nikabadili jina la folda ya plagini ile, ikazimika na tovuti ikarudi.

msimbo_safi
Hugo nayo isisahauliwe. Unaandika makala kwa Markdown, ambayo ni maandishi ya kawaida yenye alama chache, nayo inakutolea kurasa za HTML zilizokamilika. Hakuna hifadhidata, wala ukurasa wa kuingilia ambao wavamizi watajaribu nywila usiku kucha. Kurasa zinafunguka haraka, na unaweza kuzihifadhi bure GitHub Pages, huduma ya kuweka kurasa mtandaoni. Nakiri mambo mawili: lazima uzoee kuandika amri kwenye dirisha jeusi, na sehemu ya maoni ya wasomaji utaitafutia huduma ya pembeni.

FundiKurasa
Kwa mtu mwenye picha nyingi na ambaye hajagusa msimbo, hilo dirisha jeusi litamkatisha tamaa kabla ya makala ya tatu. Ghost nayo ni safi, imeandaliwa vizuri kwa jarida la barua pepe na wanachama wanaolipia, lakini inatumia Node.js, mfumo tofauti na PHP, na seva nyingi za bei nafuu zimeandaliwa kwa PHP.

mzinga07
Asanteni. Swali: nikianza Blogger kisha nikahamia WordPress, nitapoteza nini?

Mtunza_Nakala
Ndugu yangu, hili ndilo swali la kuanza nalo. Kampuni iliyokuwa ikinihifadhia tovuti ilifunga ghafla, na nilikuwa na faili la XML tu ambalo WordPress hutoa ukihamisha makala. Maneno yote yalikuwamo. Picha hazikuwamo hata moja, kwa sababu faili lile hubeba viungo vya picha, si picha zenyewe. Zana ya kuingiza huweza kuzipakua, lakini tovuti ya zamani iwe bado inafanya kazi. Yangu ilikuwa imeshazimwa.

Nakala kamili ni vitu viwili: hifadhidata, yenye makala, maoni na mipangilio, na folda ya wp-content, yenye picha, themu na plagini. Viweke nje ya seva, na ujaribu kuvirejesha kwenye XAMPP yako. Mpaka ujaribu, hujui kama unayo nakala.

Kuhusu Blogger, makala zitahama. Kinachopotea ni anwani. Ukiwa kwenye blogspot.com, huwezi kuiagiza seva yao iwapeleke wasomaji wako kwenye anwani mpya moja kwa moja, kila kiungo kwa makala yake. Kwa hiyo ukianza huko, sajili kikoa chako (anwani ya tovuti iliyo yako mwenyewe) mapema, kwa jina lako mwenyewe, ukiunganishe na Blogger. Siku ya kuhama, kikoa unakielekeza WordPress, na kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu, yaani muundo wa anwani za makala, unaandika /%year%/%monthnum%/%postname%.html, ambayo inafanana na mpangilio wa Blogger. Hakikisha tu jina la kila makala kwenye anwani limebaki lile lile.

KalamuYangu
Hilo la kikoa nililipuuza, na viungo vyangu vya miaka minne vyote vilikatika. Bado nasema Blogger ni mwanzo mzuri, lakini kikoa kitangulie.

mzinga07
Basi nimeamua: XAMPP na WordPress, mwezi mzima bila kuchapisha, niingize daftari la kwanza. Kikoa nakisajili wiki hii. La mwisho: kategoria na lebo zinatofautianaje?

FundiKurasa
Kategoria ni sura za kitabu: mizinga, magonjwa, uvunaji. Ziwe chache, na moja inaweza kuwa ndani ya nyingine. Lebo ni kama faharasa ya nyuma ya kitabu: nondo wa nta, malkia, moshi. Kabla hujaingiza chochote, pitia daftari la kwanza na uandike sura zake pembeni kwa penseli. Zikizidi nane, unganisha.