Mrejesho: riwaya ya vijana yenye uchawi na magenge ya uhalifu

Niliomba nipendekezewe riwaya ya vijana inayochanganya uchawi na uhalifu wa kupangwa, nikaelekezwa kwenye White Cat ya Holly Black, iliyotoka mwaka 2010. Nimeimaliza, na nawashukuru kwa dhati.

Kilichonivutia zaidi ni jinsi uchawi wenyewe ulivyofungamanishwa na uhalifu: katika Marekani ya riwaya hii uchawi umepigwa marufuku tangu mwaka 1929, hivyo wenye kipaji hicho huishia mikononi mwa familia za kihalifu, na kwa kuwa laana hupitishwa kwa mguso wa mkono mtupu, watu wote huvaa glavu hadharani. Tena hakuna uchawi wa bure, kwani anayefuta kumbukumbu za mwenzake hupoteza zake, na anayeua hufiwa na sehemu ya mwili wake, kama babu wa mhusika mkuu Cassel, mzee aliyepoteza vidole.

Cassel, kijana anayesimulia, ni tapeli hodari, nami nilimpenda hata pale nilipoacha kuyaamini maneno yake. Mapenzi yake kwa Lila, rafiki yake wa utotoni, hayakunigusa sana. Sasa naanza Red Glove, kitabu cha pili kati ya vitatu.